Pipa la Binamu Yangu Linavuja, na Nina Maoni

Leo si siasa, si drama za mtaa. Leo ni pipa.

Wiki jana, mida ya saa nne usiku, binamu yangu anayeishi Leeds kule Uingereza alinipigia video. Nilidhani kuna msiba. Kumbe jamaa amelala kifudifudi jikoni kwake, shavu kwa sakafu, simu mkono mmoja, na ananionyesha pipa la plastiki la kahawia lililokaa juu ya stuli.

"Buda, hebu sikiza," akaniambia.

Nikasikiza. *Tssss.*

"Linavuja," akasema, kama mtu anayetangaza tanzia kwa redio.

Alikuwa ametengeneza bia yake mwenyewe, lita 23, na gesi ilikuwa inatoroka. Alitaka tusaidiane kutafuta tundu liko wapi. Lakini mimi nilikuwa nimekwama kwa jambo lingine kabisa. Nikamuuliza, "Na polisi?"

Alicheka hadi simu ikaanguka. "Polisi wa nini? Hapa ni kama kuoka mkate."

Hilo swali langu halijaniacha tangu siku hiyo. Kwa nini mtoto aliyelelewa Kenya akisikia pombe ya nyumbani, kitu cha kwanza kichwani ni karandinga? Na kwa nini mzee wa Leeds akisikia maneno yayo hayo, anachowaza ni washa ya koki? Nikaanza kusoma. Nilichokipata ni historia ya mapipa, sheria na wanawake, na inatuhusu kuliko nilivyodhani.

Kabla sijaendelea: kama hujafika miaka 18, hii ni historia, si risipi. Na kama umefika, bado ni historia.

Kwanza tuelewe pipa

Lile pipa Waingereza huliita pipa la presha. Ni la plastiki nzito na hubeba galoni 5 za kwao, yaani kama lita 23. Juu lina kifuniko kipana cha kuzungusha, katikati ya kifuniko kuna valvu, na chini kuna koki ya kumwagia kinywaji.

Kazi yake ni rahisi. Bia ikimaliza kuchacha, unaihamishia humo na sukari kidogo, kama gramu 80 hadi 100. Hamira iliyobaki inakula ile sukari na kutoa gesi ya kaboni dioksidi. Kwa sababu pipa limefungwa, gesi haina pa kwenda. Inaingia ndani ya bia na kuipa povu, na nyingine inakaa juu kama blanketi inayozuia hewa isiguse kinywaji.

Sasa pipa likivuja, unapoteza vitu viwili. Bia inalala, haina uhai tena. Halafu ukifungua koki, hakuna presha ya kuisukuma, kwa hivyo pipa linavuta hewa kutoka nje, *glug, glug*, na hewa ikishaingia bia inaanza kuharibika. Tundu dogo kama la sindano linaweza kumaliza kazi ya mwezi mzima.

Wazee wa hii kazi wana kanuni moja: tundu la juu unalisikia, tundu la chini unaliona. Juu ni gesi, chini ni bia. Na kwa kawaida shida iko mahali patatu.

Mahali pa kwanza ni kifuniko. Ndani yake kuna mpira wa duara. Chembe moja ya sukari au unywele ukikaa hapo, gesi imepata njia. Wengi wakisikia *tssss* hukimbilia kukaza zaidi, na hapo ndipo wanaharibu, kwa sababu ukikaza kupita kiasi mpira unajikunja na unavuja vibaya kuliko mwanzo. Dawa ni kutoa presha, kufungua, kuosha, kupaka mpira grisi kidogo ya aina inayofaa vyombo vya chakula, kisha kufunga kwa nguvu ya mkono tu. Spana ikae sandukuni.

Mahali pa pili ni koki. Hapo kuna washa ya mpira, na nati inayokazwa kwa ndani. Washa ikizeeka inakauka na kupasuka. Unanunua nyingine, ni bei ya chini, na mmoja anashika koki nje huku mwingine anakaza nati ndani ili koki isizunguke.

Mahali pa tatu ndipo paliponifurahisha. Ile valvu ya juu ina kijitundu ubavuni, na kijitundu kimefunikwa na kipete cha mpira. Presha ikizidi, gesi inasukuma kile kipete na kutoka, halafu mpira unarudi mahali pake. Yaani saa nyingine pipa likifanya *tssss* halijaharibika. Linakuokoa. Ukiziba hiyo valvu kwa tepu ati umerekebisha, umetengeneza bomu la plastiki jikoni kwako. Kipete kikichoka unabadilisha, lakini hukizibi.

Na kama plastiki yenyewe imepata ufa? Usigande na gundi. Pipa limestaafu, lipandie sukuma.

Ukitaka kujua tundu liko wapi, unaweka maji kidogo ndani, unaongeza gesi, unapaka povu la sabuni nje. Povu likianza kupanda kama bigijii, hapo ndipo. Halafu unasuuza vizuri, sababu sabuni ikibaki inaua povu la bia.

Binamu yangu alikuwa na shida ya kwanza. Alikuwa amekaza kifuniko kama tairi ya lori.

Kabla ya plastiki, kulikuwa na mama

Sasa twende nyuma. Uingereza ya zamani, bia ilikuwa kazi ya jikoni, na jikoni ilikuwa ya mwanamke. Alipika uji wa kimea cha shayiri, akauacha uchache, familia ikanywa, ilizobaki akauzia majirani. Ukiona fimbo imening'inizwa nje ya mlango, ujue kwa mama fulani leo kuna mzigo. Kama hiyo picha inakukumbusha kijiji chenu, hujakosea.

Serikali ilikuwepo pia. Katika karne ya 13 kulitoka sheria ya kupanga bei na ubora wa mkate na bia, na kulikuwa na maafisa wa kuonja. Hata hivyo, hakuna aliyesema mama asipike.

Mambo yalibadilika pole pole. Kutoka karne ya 15 hopsi zilianza kutumika sana, zikitoka ng'ambo ya bahari, na bia ikaanza kukaa muda mrefu bila kuharibika. Kitu kikikaa muda mrefu kinaweza kusafirishwa. Kikisafirishwa, mwenye mtaji mkubwa anashinda. Kufikia karne ya 18 London ilikuwa na viwanda vya bia nyeusi vilivyoshindana nani ana pipa kubwa zaidi. Mapipa ya ukubwa wa nyumba, wasee. Watu walienda kuyatembelea kama sisi tunavyoenda kuona twiga.

Na hapo ndipo ilitokea siku ambayo kila mtu anayejali mapipa anafaa kuijua.

Oktoba 17, 1814

Kwenye barabara ya Tottenham Court, London, kulikuwa na kiwanda cha bia kilichoitwa Horse Shoe, mali ya kampuni ya Meux. Ndani yake kulikuwa na pipa la mbao la urefu wa futi 22, limefungwa kwa pete nzito za chuma. Alasiri hiyo karani wa stoo aliona pete moja imeteleza. Akaripoti. Akaambiwa hakuna neno, itarekebishwa baadaye. Pete ziliteleza mara kwa mara, kwa hivyo walikuwa wameshazoea.

Kama saa moja hivi baadaye, pipa likapasuka.

Wimbi la bia lilivunja ukuta wa nyuma wa kiwanda na kuingia St Giles, mtaa wa maskini, nyumba za kubanana, familia nyingi zikiishi vyumba vya chini ya ardhi. Katika chumba kimoja cha chini kulikuwa na matanga ya mtoto, familia ya Kiairishi. Watu 8 walikufa siku hiyo, wote wanawake na watoto. Mmoja alikuwa msichana wa kazi wa miaka 14.

Kesi ilisikizwa haraka. Uamuzi: ajali, bahati mbaya, hakuna wa kulaumiwa. Halafu sikiza hii. Kampuni ilikuwa imeshalipia ushuru bia iliyomwagika, kwa hivyo ilienda kuomba irudishiwe. Ikarudishiwa. Familia za waliokufa hazikupata fidia.

Nilisoma hiyo sehemu mara mbili. Tundu la pipa dogo linaharibu wikendi ya mtu mmoja. Tundu la pipa kubwa, likiwa limeonwa, limeripotiwa na limepuuzwa, linaua watu wa mtaa wa nyuma, halafu mwenye pipa anarudishiwa ushuru. Usiniambie hiyo ni historia ya Uingereza pekee.

Leseni ya sufuria yako

Sasa ungedhani baada ya hapo sheria ingewabana wenye mapipa makubwa. Mwaka 1880 William Gladstone aliondoa ushuru wa kimea na kuweka ushuru wa bia yenyewe. Kwa viwanda ilikuwa mpango safi. Lakini ndani ya sheria hiyo, anayepika bia nyumbani alitakiwa kuchukua leseni. Kwa miaka 83, kupika bia kwa sufuria yako ndani ya nyumba yako bila karatasi ya serikali ilikuwa kosa.

Na unajua nini kilitokea? Ujuzi ulififia. Hakuna aliyehitaji kuchoma sufuria za watu. Kizazi kimoja kiliacha, cha pili kikasahau, cha tatu kikaamini bia huzaliwa kiwandani.

Halafu Aprili 1963, waziri wa fedha Reginald Maudling akasimama na bajeti yake na kufuta ile leseni. Pika upendavyo, bora usiuze. Basi.

Kilichofuata ndicho kinachonifurahisha zaidi. Mwaka huo huo wa 1963 C. J. J. Berry, ambaye tayari alikuwa na jarida la watu wanaotengeneza mvinyo nyumbani, alitoa kitabu kuhusu bia na stauti za nyumbani. Mwaka 1974 Dave Line akatoa The Big Book of Brewing. Maduka ya dawa kama Boots yakaanza kuuza mikebe ya kimea na hamira. Watu walianza na chupa, chupa zikalipuka makabatini kwa sababu ya sukari nyingi, ndiyo wengi wakahamia mapipa ya plastiki. Hiyo plastiki, polithini, iligunduliwa huko huko Uingereza mwaka 1933, kwa bahati, katika maabara ya ICI. Vile vikopo vidogo vya gesi vya gramu 8 viliazimwa kutoka kwa chupa za soda za nyumbani.

Ona mpangilio: sheria ilipolegea, watu walitoka mwangani. Walipotoka mwangani, walianza kuulizana maswali. Pipa lako linavuja wapi? Mpira unapaka nini? Valvu unabadilisha lini? Usalama haukuletwa na askari. Uliletwa na majirani wasioogopa kuulizana.

1963 hiyo hiyo, upande wetu

Sasa weka hizo tarehe pamoja. Aprili 1963, Uingereza inamwambia Mwingereza: pika bia kwako, hatuna neno. Desemba 12, 1963, Uingereza hiyo hiyo inashusha bendera yake Nairobi. Tulipewa bendera yetu. Sheria za pombe zilibaki pale pale.

Ukoloni ulikuwa na mpango wake wa pombe. Nairobi, kuanzia miaka ya 1920, manispaa ilikuwa na ukumbi wake wa bia huko Pumwani, mfumo uliotoka Durban, Afrika Kusini. Mwafrika aliruhusiwa kunywa pombe iliyopikwa na manispaa, kwenye ukumbi wa manispaa, na pesa zikaingia mfuko wa kuendesha mitaa ya Waafrika. Kwa ufupi, ulilipia nyumba yako ya kubanana kwa kulewa. Na ili biashara hiyo ifanye kazi, lazima mama wa Pumwani anayepika kwake afanywe mhalifu. Wanawake walikamatwa, pombe ikamwagwa, wakafungwa, wakatoka, wakapika tena kwa sababu watoto walihitaji kula.

Wakati huo huo, mwaka 1922, ndugu wawili Wazungu, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda cha bia Nairobi. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu akiwa mawindoni, na ndiyo maana chupa ya Tusker ina ndovu hadi leo. Hiyo hadithi kila Mkenya anaijua. Jina la mama hata mmoja aliyefungwa kwa kupika busaa Pumwani hatulijui. Hilo pekee linakuonyesha nani aliandika historia yetu ya pombe.

Baada ya uhuru tuliendelea na njia ile ile. Mwaka 1980 chang'aa ilipigwa marufuku kabisa. Marufuku ikakaa miongo mitatu, hadi sheria ya 2010 ilipoifuta na kuleta leseni na masharti. Je, marufuku ilimaliza pombe? Jibu unalo. Iliipeleka gizani.

"Lakini watu hufa"

Najua kuna mtu tayari anaandika hivyo kwa komenti, na ana haki. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi, wengi wao wa Mukuru kwa Njenga, kwa kunywa pombe yenye sumu. Tumezika wengine wengi tangu hapo. Kuna watu wanasoma hii wamepoteza baba ama mjomba kwa pombe, na siwezi kukaa hapa nikijifanya ni mchezo.

Lakini tutofautishe vitu. Busaa na muratina huchacha tu, kama bia. Chang'aa huchemshwa na mvuke wake kukusanywa, hiyo ni kazi nyingine na hatari nyingine. Sumu ya methanoli iliyoua watu wetu kwa wingi si kitu kinachotoka tu kwa kibuyu cha muratina. Huingia pale mtu anapoongeza kemikali za viwandani ili kinywaji kiwe kikali haraka na cha bei ya chini, na mnywaji hana njia ya kujua kilichomo.

Na Uingereza yenyewe haijafungua kila mlango. Hadi leo huwezi kuchemsha pombe kali nyumbani bila leseni. Walichofanya mwaka 1963 ni kuchora mstari: kuchachua bia kwa matumizi yako, sawa. Kuuza, hapana. Kuchemsha spiriti, hapana. Sisi tulichukua vyote, busaa, muratina, mnazi, chang'aa, na ile sumu ya uchochoroni, tukavitia kwa gunia moja tukaandika juu "pombe haramu". Mama anayepika kwa ajili ya ruracio na jamaa anayechanganya kemikali wakawa kesi moja. Hapo ndipo nasema tulikosea.

Kwa sababu mtu aliyefichwa haulizi. Akiona pete imeteleza, hana wa kumripotia.

Shosho

Shosho yangu, ambaye pia ni shosho wa huyu binamu wa Leeds, alikuwa anatengeneza muratina. Si ya kuuza. Ya ruracio, ya wazee. Miaka ya 80 askari walikuja siku moja kabla ya sherehe, wakamwaga kila kitu, wakampeleka. Alilala seli usiku mbili. Kwetu hiyo hadithi husimuliwa kwa sauti ya chini, na nimekua nikiionea aibu. Nilijua shosho "aliwahi kushikwa". Sikuwahi kuuliza zaidi.

Juzi nilimpigia. Nikamwambia mjukuu wako wa ng'ambo ana pipa linavuja. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Alilijaribu na maji kwanza?"

Nikamwambia sijui, shosho.

Akaanza kuniambia vile walivyofanya. Kibuyu kipya, ama kilichokaa muda mrefu, hukiamini. Unakijaza maji jioni, unakiweka juu ya vumbi kavu. Asubuhi unainua na kuangalia chini. Vumbi likiwa na doa, kuna ufa, hata kama jicho lako halijauona. Unautafuta, unaushona kwa uzi mwembamba wa katani, kushoto kulia, kushoto kulia, halafu unapaka nta ya nyuki. Kisha unajaza maji tena. "Ukikimbilia kuweka pombe," akasema, "umemwagia ardhi sukari ya watu."

Mimi nilikuwa nimesoma usiku tatu, vitabu na historia ya Waingereza, kupata kanuni hiyo hiyo. Jaribu na maji. Tafuta tundu. Rekebisha bila kulazimisha. Jaribu tena. Na ilikuwa nyumbani kwetu wakati wote, kwa mtu ambaye serikali ilimfundisha kunyamaza.

Nikamuuliza kama kile kibuyu bado kipo. Akasema askari walikivunja. Akasema hivyo bila uchungu, kama anayetaja hali ya hewa.

Sisemi kila mtu aanze kupika bia kesho. Mimi mwenyewe hata sinywi sana. Ninachosema ni hiki: kabla ya kuita kitu cha shosho yako uchafu, uliza nani alikiita uchafu kwanza, na alikuwa anauza nini. Na kama una mzee nyumbani anayejua kushona kibuyu, kuchoma makaa, kufuma kiondo, chochote, mpigie sasa hivi. Usingojee pipa livuje.

Binamu alioshea mpira, akaupaka grisi, akafunga kwa mkono. Alinitumia video jana. Pipa limekaa juu ya stuli, na chini yake ametandaza karatasi kavu, kwa sababu shosho amesema.

Nimeiangalia hadi mwisho. Sauti hakuna. Karatasi ni kavu.